Wa tatu kuitwa Philadelphia: safari ya Leon Draisaitl na sheria zilizoiongoza

Juni 2014, mjini Philadelphia, NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu, iligawa vijana wapya kwa klabu zake, na majina manne ya kwanza yaliitwa kwa mpangilio huu: Aaron Ekblad, Sam Reinhart, Leon Draisaitl, Sam Bennett. Vijana wa miaka 18, watatu Wakanada na mmoja Mjerumani kutoka Köln, ndani ya suti zao, wakisubiri kuambiwa watakwenda kufanya kazi mji gani. Hakuna aliyeulizwa anapenda wapi.

Miaka 11 baadaye, usiku wa tarehe 17 Juni 2025, wote wanne walikutana kwenye uwanja mmoja wa barafu huko Sunrise, Florida. Aliyeitwa wa kwanza, aliyeitwa wa pili na aliyeitwa wa nne walikuwa na jezi ya Florida Panthers, wakilibeba Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi hiyo, kwa mwaka wa pili mfululizo. Aliyeitwa wa tatu alikuwa na jezi ya Edmonton Oilers. Yeye alipanga foleni na wenzake, akawapa mkono washindi, akaingia vyumbani.

Sasa, huyo wa tatu ndiye aliyewahi kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Ndiye mwenye pointi nyingi kuliko mwenzake yeyote kati ya wale wanne, na kwa mbali. Mtu aliyelelewa na soka, kama mimi, akisikia habari hii huuliza maswali ya kwake: kwa nini hakuhama? Kwa nini klabu tajiri haikumnunua? Na timu yenye mtu wa namna hiyo inashindwaje kila mwaka?

Ni maswali ya haki, ila yanatoka kwenye mchezo mwingine. Safari ya Draisaitl imepita ndani ya sheria ambazo soka haina, na sheria hizo zilitungwa kwa makusudi ili pasitokee mkubwa wa kudumu. Ukizijua, usiku ule wa Sunrise unaanza kueleweka.

Kisahani kilicholala mstarini

Tuanze na baba. Peter Draisaitl alizaliwa Karviná, katika iliyokuwa Chekoslovakia, akaja kuichezea timu ya taifa ya Ujerumani. Wajerumani wa umri fulani wanamkumbuka kwa pigo moja. Ilikuwa robo fainali ya Olimpiki ya mwaka 1992, Méribel, Ufaransa, dhidi ya Kanada. Mechi iliisha 3-3, zikaja penalti. Katika hoki ya barafu mpigaji hasimami mbele ya goli. Anaanzia katikati ya uwanja akiteleza na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, anamfuata kipa ana kwa ana. Eric Lindros aliifungia Kanada. Peter akawa hana budi kufunga, la sivyo Ujerumani inarudi nyumbani. Alipiga, kisahani kikapenya chini ya kipa Sean Burke, kikaelekea golini taratibu kama mtu asiye na haraka, kisha kikalala juu ya mstari. Hakikuvuka.

Leon alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1995, zaidi ya miaka mitatu baada ya pigo lile. Wapenda hadithi husema mtoto alikuja kulipa deni la baba. Mimi naona urithi wake ulikuwa wa kawaida zaidi na wa maana zaidi: hoki ilikuwa riziki ya nyumbani. Mtoto wa fundi huzijua zana kabla hajajua kusoma.

Ujerumani si Kanada, ambako barafu ni kiwanja cha kila mtoto, lakini mchezo huu si mgeni huko. Ligi yao ya juu, DEL, ipo tangu 1994, na mwaka 2010 mechi ya ufunguzi wa mashindano ya dunia kati ya Ujerumani na Marekani ilichezwa kwenye uwanja wa soka wa Gelsenkirchen mbele ya watu 77,803. Tatizo lao lilikuwa jingine. Watazamaji walikuwepo, ila nafasi nyingi kubwa kwenye klabu zilishikwa na wageni kutoka Amerika Kaskazini, na kijana wa Kijerumani alikaa benchi akisubiri dakika zilizobaki. Shule iliyokwenda kinyume cha mkondo huo ni kituo cha vijana cha Mannheim, Jungadler. Leon alipita hapo. Miaka ya baadaye wakapita Moritz Seider na Tim Stützle, na leo wote wawili ni nguzo za timu zao ng'ambo.

Msimu wa 2010-11, akiwa na timu ya chini ya miaka 16, Leon alicheza mechi 29 na kuondoka na mabao 97 na pasi za mabao 95. Jumla pointi 192. Ukisoma namba kama hizo usishangae tu, jiulize pia: mtoto huyu anajifunza nini hapa? Anayeshinda bila jasho kila Jumamosi hajui bado udhaifu wake uko wapi.

Kuondoka bila kununuliwa

Mwaka 2012, akiwa na miaka 16, alivuka bahari. Hakununuliwa na mtu. Kanada ina ligi tatu kubwa za vijana, na wakati ule kila klabu iliruhusiwa wageni wawili tu kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Wageni hao hugawanywa kwa zamu: klabu huita majina, moja baada ya jingine. Leon aliitwa wa pili, na klabu iliyomwita ni Prince Albert Raiders.

Prince Albert ni mji mdogo katikati ya Saskatchewan, jimbo la Kanada, mahali ambapo majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 30 hasi na safari ya mechi ya ugenini ni saa nyingi ndani ya basi. Mchezaji hapangishiwi nyumba. Hukaa na familia ya wenyeji, anakula wanachokula, anafuata saa zao za kulala. Mshahara hakuna, kuna posho. Kwa mtoto aliyetoka Köln, mji wenye watu zaidi ya milioni moja na kanisa kuu linaloonekana kutoka kila upande, hiyo ilikuwa dunia nyingine. Msimu wa pili alifunga mabao 38 na kutoa pasi za mabao 67 katika mechi 64. Hapo ndipo maskauti wa NHL walipoacha kuandika jina lake kwa penseli.

NHL, ligi kubwa kuliko zote, leo ina klabu 32 za Marekani na Kanada. Vijana wapya huingia kwa drafti. Timu zilizoshika mkia msimu uliopita hupangwa mbele kwenye foleni ya kuchagua, na bahati nasibu huamua nani hasa ataanza, ili timu zisivizie kushindwa kwa makusudi. Ukishaitwa, haki ya kukusajili ni ya klabu hiyo. Huwezi kusema, "Asanteni, mimi nitakwenda Montreal." Edmonton ilikuwa mteja mkubwa wa foleni hiyo: ilichagua wa kwanza mwaka 2010, 2011 na 2012, na bado ilikaa misimu kumi mfululizo bila kufika kwenye hatua ya mtoano. Mwaka 2014 ikapata zamu ya tatu, ikamwita Draisaitl. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuitwa mapema hivyo, na hadi Stützle alipoitwa naye wa tatu mwaka 2020, hakuna aliyemfikia.

Kwa hiyo kuitwa mapema ni heshima yenye mtego ndani yake. Unapongezwa kwa kupelekwa kwenye timu mbovu.

Mwaka wa kupanda na kushuka

Kipindi kinachochanganya watu zaidi katika wasifu wake ni miezi 18 ya kwanza. Oktoba 2014 yuko NHL. Januari 2015 amerudishwa kwenye ligi ya vijana. Oktoba iliyofuata yuko klabu ya daraja la pili huko California. Halafu ghafla yuko Edmonton tena na hatoki. Ukisoma juu juu utadhani ni kijana aliyeshindwa, akafukuzwa, akabembelezwa kurudi. Ukweli ni kwamba alikuwa akipita kwenye milango ya umri.

Mlango wa kwanza ni mkataba. Kijana anayeingia hupewa mkataba wa miaka mitatu wenye mshahara uliowekewa kikomo, hata kama ana kipaji kama cha malaika. Ila kuna kifungu: akiwa na miaka 18 au 19 na akacheza mechi chini ya kumi za NHL msimu huo, mwaka huo hauhesabiwi, mkataba unasogea mbele. Ndiyo maana klabu nyingi humwangalia kijana kwa mechi tisa, kisha humrudisha. Edmonton ilimchezesha Draisaitl mechi 37. Alipata mabao mawili na pasi saba. Mwaka mmoja wa bei rahisi ukateketea kwa mabao mawili! Klabu iliwahisha kwa mwaka mzima siku ambayo ingelazimika kumlipa pesa ya kweli.

Mlango wa pili ni makubaliano kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada. Aliyeitwa kutoka ligi hizo, wakati huo, hakuruhusiwa kuchezea klabu ya daraja la pili, AHL, kabla ya mwaka wa kutimiza miaka 20. Yaani kwa Draisaitl wa miaka 19 kulikuwa na ngazi ya juu kabisa au ngazi ya watoto, katikati hapana. Hapa kuna kichekesho kidogo. Seider, aliyebaki Mannheim hadi alipoitwa na Detroit mwaka 2019, hakufungwa na makubaliano hayo, akapelekwa moja kwa moja AHL kukomaa polepole. Draisaitl aliyehama mapema ili awe karibu na NHL ndiye aliyekosa ngazi ya kati.

Akarudishwa. Haki zake za ligi ya vijana zilikuwa zimehamishiwa Kelowna Rockets, huko British Columbia, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba tatizo halikuwa mikono yake. Kelowna ilitwaa ubingwa wa ligi yake na yeye akawa mchezaji bora wa mtoano. Kisha kwenye Kombe la Memorial, linalokutanisha mabingwa wa ligi zote tatu, Kelowna ilifika fainali ikafungwa 2-1 na Oshawa katika muda wa nyongeza. Mchezaji bora wa mashindano? Draisaitl, wa timu iliyoshindwa. Alikuwa na miaka 19, na picha ile ingekuja kumrudia.

Kiangazi hichohicho Edmonton ilishinda bahati nasibu ya drafti ikiwa na nafasi ya asilimia 11.5 tu, ikamchukua Connor McDavid. Vuli iliyofuata Draisaitl alicheza mechi sita AHL na Bakersfield, akaitwa juu, akamaliza msimu na pointi 51. Hakushuka tena.

Pointi, na ubishi wa McDavid

Hapa inabidi nisimame kueleza hesabu, maana bila hiyo namba zake zinapotosha. Bao moja ni pointi moja. Pasi ya bao nayo ni pointi moja, na kila bao linaweza kuwa na watoa pasi wawili: aliyempa mfungaji, na aliyempa huyo aliyempa. Mchezaji mwenye pointi 100 katika mechi 82 hajafunga mabao 100. Ameshiriki moja kwa moja katika mabao 100. Ni kiwango ambacho wachache tu hukifikia kila msimu.

Draisaitl alikifikia kwa mara ya kwanza msimu wa 2018-19: pointi 105, na ndani yake mabao 50. Msimu uliofuata ulikatizwa na korona mwezi Machi 2020. Alikuwa amecheza mechi 71 na kukusanya pointi 110, wa pili McDavid akiwa na 97. Alichukua tuzo tatu kwa mpigo, na inafaa kuzitofautisha. Art Ross haipigiwi kura, ni ya mwenye pointi nyingi. Hart ni ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na wapiga kura ni waandishi wa habari. Ted Lindsay hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Alikuwa Mjerumani wa kwanza kuchukua Hart na Art Ross. Mwaka huohuo Ujerumani ikamtangaza mwanamichezo bora wa kiume wa nchi, heshima ambayo hakuna mchezaji wa hoki aliyewahi kuipata kabla yake, katika nchi ambayo ukurasa wa michezo ni wa soka na mabaki huenda kwa wengine.

Wabishi hawakukosa. Walisema: mtu yeyote akicheza na McDavid atapata pointi. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Lakini mwaka ule wa tuzo, kuanzia mwishoni mwa Desemba, Draisaitl aliongoza mstari wake mwenyewe, yaani kundi la washambuliaji watatu wanaoingia pamoja, akiwa na Ryan Nugent-Hopkins na Kailer Yamamoto, na McDavid akiwa kwenye mstari mwingine. Kisha McDavid alipoumia Februari, timu haikuanguka. Thamani ya wawili hawa kwa kocha ni kwamba anaweza kuwatenganisha, mpinzani akose kujua amkabidhi nani beki wake bora.

Na ana ufundi wake usiofanana na wa McDavid hata kidogo. McDavid ni kasi. Draisaitl ni mzito, urefu wake sentimita 188, anailinda milki ya kisahani kwa mgongo na makalio kama mshambuliaji wa zamani wa soka aliyegeuzia goli kisogo. Gongo lake lina ubapa mkubwa kuliko kawaida, na kwa upande wa nyuma wa ubapa huo hutoa pasi ambazo wengine hawawezi kuzitoa kwa upande wa mbele. Kisha kuna lile pigo. Mpinzani akipewa adhabu, timu yake hubaki na watu wanne dhidi ya watano kwa dakika mbili. Draisaitl hujificha upande wa kulia, karibu na mstari wa goli, kwenye pembe ambayo mwalimu yeyote wa watoto angesema usipige kutoka hapo. Pasi inapita mbele ya goli, anapiga bila kutuliza. Msimu wa 2022-23 alifunga mabao 32 kwa namna hiyo ya wingi wa watu, wa pili katika historia kwa msimu mmoja baada ya Tim Kerr aliyefunga 34 miaka ya themanini. Edmonton msimu huo iligeuza asilimia 32.4 ya nafasi hizo kuwa mabao, rekodi ya ligi. Kila mtu alijua kisahani kinakwenda wapi. Kilikwenda hivyohivyo.

Kwa nini hakuhama

Tufike kwenye pesa, mahali ambapo shabiki wa soka hupotea zaidi.

NHL haina klabu tajiri kwa maana yetu. Mapato ya mchezo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya wamiliki na wachezaji, na kutokana na hesabu hiyo huwekwa kikomo cha mishahara, kilekile kwa kila klabu. New York haiwezi kulipa kuliko Edmonton. Shilingi unayompa nyota ni shilingi uliyomnyima beki wa tatu. Mchezaji hauzwi kwa ada ya uhamisho pia. Klabu hubadilishana watu, au watu kwa zamu za drafti zijazo. Ndivyo Reinhart alivyotoka Buffalo na Bennett alivyotoka Calgary, wote kwenda Florida mwaka 2021.

Mkataba wa kwanza wa Draisaitl ulikwisha mwaka 2017, mapema kwa mwaka mmoja kwa sababu ya zile mechi 37. Bado hakuwa huru. Kijana katika hatua hiyo ni huru nusu: klabu nyingine inaweza kumpa ofa, lakini klabu yake ina haki ya kuilinganisha na kumbakiza. Uhuru kamili huja, kwa kawaida, ukifika miaka 27 au ukitimiza misimu saba. Edmonton ikampa miaka minane kwa dola milioni 68, yaani milioni 8.5 kwa mwaka. Kikomo cha timu nzima kilikuwa milioni 75. Wengi walisema klabu imepagawa, kumpa kijana mwenye msimu mmoja wa kung'ara zaidi ya asilimia 11 ya mfuko. Miaka mitatu baadaye, akiwa na Hart mkononi, watu walewale waliuita mkataba wa bei ya kutupa. Sidhani walikuwa wanafiki. Mkataba mrefu ni kamari kwa pande zote mbili, na safari hii klabu ilishinda.

Uhuru wake kamili wa kwanza ungekuja Julai 2025, akikaribia miaka 30. Hebu litafakari hilo: kuanzia Prince Albert, mtu huyu alikuwa hajawahi kuchagua klabu yake ng'ambo hata mara moja. Na mlango ulipokaribia kufunguka, aliufunga mwenyewe. Septemba 2024 alitia saini miaka minane mingine, dola milioni 112, milioni 14 kwa mwaka, mshahara mkubwa kuliko wote kwenye ligi kwa wakati huo. Sheria ilimshawishi kidogo, maana klabu yako iliweza kukupa miaka minane na klabu nyingine saba tu. Kuna wanaotaja pia kodi: jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato, Edmonton iko Alberta, Kanada, na huko hutozwa. Ni kweli, lakini naona inatajwa kupita kiasi. Angetaka kodi ndogo angesubiri miezi kumi.

Milioni 14 ndani ya kikomo cha milioni 95.5 cha msimu wa 2025-26 ni karibu asilimia 15 ya mfuko wa timu kwa mtu mmoja. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na nyota, na inalipwa na kina cha kikosi, yaani ubora wa wachezaji wengine wote.

Dakika 22

Kina hicho ndicho kinachoamua. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu, wachezaji watano na kipa kila upande. Hakuna anayebaki barafuni muda wote. Mtu huingia, anakimbiza miguu kwa chini ya dakika moja, anaruka ukuta kurudi benchi, mwenzake anaingia mchezo ukiendelea. Draisaitl ni kati ya washambuliaji wanaotumika sana, na wastani wake ni dakika kama 22. Maana yake dakika 38 za mechi anazitazama kama mimi na wewe, tofauti ni kiti tu. Nyota wa soka anacheza 90.

Na Kombe la Stanley halitolewi kwa msimamo wa ligi. Timu 16 huingia mtoano, kila raundi ni ya kwanza kushinda mechi nne, raundi nne. Unahitaji ushindi 16 katika miezi miwili, miili ikiwa imeshachoka kwa mechi 82.

Mwaka 2022 aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Los Angeles. Raundi iliyofuata, akichechemea, alipata pointi 17 katika mechi tano dhidi ya Calgary. Kwa mtoano wote alikuwa na 32 katika mechi 16, kisha Colorado ikaitoa Edmonton kwa mechi nne bila. Mwaka 2024 wakafika fainali, Florida ikaongoza mechi tatu kwa sifuri, Edmonton ikarudi hadi tatu kwa tatu, ikapoteza mechi ya saba 2-1. Bao la ushindi lilifungwa na Reinhart, yule wa pili wa Philadelphia. Draisaitl hakufunga bao hata moja katika fainali hiyo, na hilo halifichiki.

Kisha 2025. Alikuwa amemaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 52, na kuchukua tuzo ya Rocket Richard, Mjerumani wa kwanza. Kwenye mtoano alifunga mabao manne ya muda wa nyongeza, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika mtoano mmoja. Mawili yalikuwa ndani ya fainali: mechi ya kwanza, iliyoisha 4-3, na ya nne, ambayo Edmonton ilikuwa nyuma kwa mabao matatu bila ikashinda 5-4. Safari hii hakuna aliyeweza kusema amejificha. Florida ikajibu 5-2, halafu 5-1. Katika mechi ya mwisho Reinhart alifunga mabao manne peke yake, na Bennett, yule wa nne, akatangazwa mchezaji bora wa mtoano.

Timu ya taifa nayo imekuwa na uchungu wake. Mwaka 2018 Ujerumani ilicheza fainali ya Olimpiki huko PyeongChang na ilikuwa inaongoza hadi dakika ya mwisho kabla ya kufungwa 4-3 na Warusi katika muda wa nyongeza. Mwaka 2023 ikafika fainali ya mashindano ya dunia na kufungwa na Kanada. Medali mbili za fedha, matokeo makubwa ya zama hizi, na Draisaitl hayumo katika picha yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka 2018 NHL haikuwaachia wachezaji wake kwenda Olimpiki kabisa.

Wajerumani kulibeba Kombe la Stanley si jambo geni. Wa kwanza alikuwa Uwe Krupp, naye mzaliwa wa Köln. Mwaka 1996, mechi ya nne ya fainali, alipiga kutoka mbali katika kipindi cha tatu cha nyongeza, likawa bao pekee la usiku huo, na Colorado ikatwaa kombe. Timu aliyoifunga ilikuwa Florida Panthers.

Na usiku ule wa Sunrise, Juni 2025, Mjerumani mmoja alilinyanyua pia. Katika kikosi cha Florida alikuwemo Nico Sturm wa Augsburg, mtu wa mstari wa nne, kazi yake kuanzisha mchezo, kuzuia, na kurudi benchi. Kombe hilo lilikuwa lake la pili, baada ya lile la Colorado la 2022. Sturm hakuwahi kuitwa na klabu yoyote kwenye drafti. Alipitia hoki ya chuo kikuu Marekani, na alipomaliza, kwa kuwa hakuna aliyemmiliki, alijichagulia mwenyewe pa kuanzia. Mkataba wa Draisaitl na Edmonton unaisha mwaka 2033.